Uzio wa Bustani Unataka Mwenyewe

Maneno ya kamati ya miradi katika mkutano mkuu wa mwaka wa chama chetu

 

Mwaka huu kamati haikuja na ombi la darasa wala la gari la wagonjwa. Tumekuja na uzio wa bustani. Tunajua neno hili halichangamshi ukumbi. Darasa likiisha hukatwa utepe, viongozi wakapiga picha, na jina la chama likaandikwa ukutani. Uzio wa miti hauandikwi jina. Lakini kila tulipouliza habari za bustani za mboga za shule zetu za msingi, kuanzia Masasi chini hadi Newala juu, jibu lilikuwa la namna moja. Bustani haikufa kwa kukosa mbegu, wala haikufa kwa kukosa majembe. Ililiwa.

Tuanze na maji, kwa sababu bila maji hamtaelewa kwa nini tunaling'ang'ania jambo hili.

Aliyekulia juu ya uwanda wa Makonde hahitaji kusimuliwa. Mvua inanyesha ya kutosha, lakini ule mchanga wetu unaimeza yote, na maji yanakwenda kutokea chini kabisa, mabondeni, mwisho wa mteremko. Karl Weule, Mjerumani aliyekaa Newala mwaka 1906, alikwishaandika kuhusu shida hiyo ya kuyafuata maji bondeni. Miaka ya 1950 ukaja mradi wa maji wa Makonde wa kuyasukuma maji kutoka bonde la Kitangari kuyapandisha juu, na tangu hapo kila kizazi kimekuwa na hadithi yake ya bomba: lilipotoka, lilipokatika, liliporudi. Mama zetu waliokaa humu ndani wamepanda ule mteremko na ndoo kichwani, na wengine wamebeba na mtoto mgongoni.

Sasa chukueni tuta moja la mchicha, upana mita 1 na urefu mita 5. Kiangazi linataka ndoo 2 za lita 20 kwa siku, moja asubuhi na moja jioni, na mchanga wetu ukiamua kuwa mkorofi unadai ya tatu. Mchicha hukaa kama wiki nne kabla ya kuvunwa. Zidisheni wenyewe: ndoo 56, yaani lita 1,120, kwa tuta moja tu. Mbuzi wawili wakiingia saa tano watoto wakiwa darasani, tuta hilo linakwisha kabla ya kengele ya mapumziko. Mtu wa mjini ataona umepotea mchicha wa shilingi chache. Sisi tunaona zimepotea ndoo 56 zilizobebwa na watoto wa darasa la tano. Watoto hao hawatabeba nyingine 56 kwa moyo uleule, na hapo ndipo bustani inapokufa, hata kama mbuzi hawajarudi tena.

Ndiyo maana kwetu sisi uzio ni chombo cha kutunzia maji, sawasawa na pipa au tangi.

Tena kuna jambo la majira. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Masika kila mwenye mbuzi anamfunga kamba, kwa sababu mahindi, kunde na njugu mawe ziko shambani na akiharibu ataitwa kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mavuno yakishaingia ndani, kamba zinafunguliwa. Mbuzi wanatembea, wanaokota mabaki, wanapumzisha watu kazi ya kukata majani. Hatusemi mwenye mbuzi ana kosa. Ni desturi na ina faida yake. Ila bustani ya mboga ya shule ni kazi ya kiangazi, Juni hadi Oktoba, wakati mboga za majani zimeadimika na bei imepanda. Kwa hiyo mbuzi anafunguliwa siku zilezile mchicha unapopandwa. Halafu ikifika Oktoba korosho zinaanza kudondoka, kila mtu mzima yuko mikoroshoni kutwa nzima, kijiji kimebaki kwa wazee na kuku.

Kuku nao tusiwasahau. Mbuzi anakula majani, kuku anafukua mche. Kwa wenzetu wa vilima vya Masasi kuna nyani na tumbili. Kwa wenzetu walio karibu na Ruvuma kuna nguruwe pori, na kuna tembo pia, lakini tembo ni habari nyingine na hatutawadanganya kwamba tuna uzio wake. Miaka ya karibuni makundi ya ng'ombe nayo yamefika kusini, katika vijiji ambavyo babu zetu walijua ng'ombe kwa kusikia.

Wazee watatuambia kwamba wenyeji wa uwanda ule waliishi ndani ya uzio tangu zamani, na ni kweli. Kile kichaka kizito cha Makonde kilikuwa ngome. David Livingstone alipopita kandokando ya Ruvuma mwaka 1866 akiwa na ngamia wake, ilimbidi awalipe Wamakonde wenye mashoka wamkatie njia. Na mwaka 1882 Wangoni walipoivamia misheni ya Masasi, ile iliyoanzishwa mwaka 1876, misheni ilihamia Newala, juu. Watu walikubali kuyafuata maji mbali kwa sababu kichaka kiliwalinda. Kichaka kile hakikujengwa na mtu, lakini mtu alikitunza kwa kutokikata. Siku hizi sehemu kubwa kimekuwa mikorosho na mihogo, na chini ya mkorosho mbuzi anapita kama yuko barabarani.

Basi tukasema tujenge. Uzio wenyewe unakufaje?

Tuchukue bustani ya mita 40 kwa 30. Mzunguko wake ni mita 140. Ukisimamisha nguzo kila baada ya mita 2 unahitaji nguzo 70, na katikati unajaza fito au mianzi. Siku ya kwanza unapendeza mno. Kiangazi cha pili ukiusukuma kwa mkono unacheza. Cha tatu unalala. Ukiung'oa utakuta nguzo juu ni nzima na chini kabisa shimoni ni nzima. Imeliwa pale udongo unapokutana na hewa, kiganja kimoja chini na kiganja kimoja juu. Hapo pana unyevu na pana hewa, na mchwa hutaka vyote viwili. Nguzo 70 kwa shule moja, shule tano nguzo 350, kila baada ya miaka miwili: huko ni kumaliza pori kwa ajili ya mchicha.

Yako mambo ya kuifanya nguzo ikae zaidi, na mafundi wa kwetu wanayajua. Ganda lazima litolewe, maana wadudu hujificha chini ya ganda. Mti ukaushwe kabla ya kuchimbiwa. Ncha ichomwe moto mpaka iwe nyeusi, tena ipande juu ya usawa wa ardhi, siyo ile sehemu ya shimoni peke yake kama wengi wanavyofanya. Kuchoma hakumzuii mchwa milele, kunamchelewesha. Udongo ushindiliwe kidogo kidogo kila unapojaza, na juu uachwe na mwinuko ili maji ya mvua yakimbie nguzo. Kwa wa Newala, shimo liwe refu kuliko la Masasi, kwa sababu mchanga haushiki. Sentimita 60 ndiyo ya chini. Watani wetu wa Masasi wenye udongo mzito wanaweza kucheka, lakini wao wana mchwa wa kutosha, acha wacheke.

Kuna wanaopaka oili chafu ya magari. Inasaidia, lakini hatuishauri mita moja kutoka kwenye tuta la mboga ambako watoto wanashika kila kitu. Na kuna wanaosema tutumie mpingo, mchwa hauwezi. Ni kweli hauwezi. Lakini mpingo ni mkate wa wachongaji wetu, unakua taratibu kuliko mjukuu, na kuukata kunataka kibali. Mpingo wa kuchongea usichimbiwe kuwa nguzo ya mchicha.

Dawa kubwa ya mchwa ni jicho. Mchwa hapandi hadharani, anajenga kijia chake cha udongo juu ya mti. Kijia kikivunjwa kila wiki, analazimika kuanza upya. Dakika kumi za mtu mmoja mwenye kijiti kila Ijumaa zinaongeza maisha ya uzio kuliko debe la dawa lililomwagwa mara moja. Hayo ndiyo tunayoyaita matengenezo. Hayahitaji fundi, yanahitaji mtu ambaye Ijumaa ikifika anajua ni yeye.

Ila hata uzio wa miti uliotunzwa vizuri una mwisho. Kwa hiyo pendekezo letu ni nyuzio mbili kwa pamoja: wa miti kwa miaka mitatu ya kwanza, na ndani yake wigo wa minyaa unaokua taratibu. Siku nguzo zitakapochoka, wigo uwe umesimama.

Mnyaa mnaujua. Uko makaburini, uko kwenye mipaka ya viwanja, hauogopi mchanga wala kiangazi, na mbuzi hauli. Vipande vinakatwa urefu wa mkono, vinawekwa kivulini siku chache mpaka utomvu ukauke pale palipokatwa, kisha vinachimbiwa mvua zinapoanza. Kila sentimita 20 kipande kimoja. Kwa mita 140 ni vipande 700. Shule yenye wanafunzi 350, kila mmoja akiletewa na mzazi wake vipande viwili, wigo umekamilika bila kununua kitu. Hivyo vipande 700 havimo katika fedha tunazoomba leo, na hatutaki viwemo. Mzazi aliyeleta vipande viwili atamfukuza mbuzi hata kama si wake.

Ukishashika, wengi humaliza kazi hapo. Wanasema mnyaa haufi, uache. Haufi kweli, lakini unahama. Mnyaa ukiachwa unakimbilia juu kutafuta jua, unakuwa miti, na chini unabaki miguu mitupu. Mmeiona minyaa ya zamani yenye urefu wa nyumba: ukiwa mbali unaona ukuta, ukisogea unaona milango kumi ya mbuzi. Wigo lazima ukatwe usawa wa kifua kila mwaka, na mwaka wa kwanza ukatwe mapema zaidi, usawa wa goti, ili utoe matawi kuanzia chini. Mtu anaona uchungu kuukata ukiwa bado mdogo. Aukate. Wakati wake ni Novemba, kwa sababu vile vipande vilivyokatwa juu ndivyo vinavyochimbiwa kwenye mapengo ya chini mvua ikija.

Hapa tuna onyo na tunaomba kila mzazi alisikie. Utomvu wa mnyaa, yale maziwa, ukiingia jichoni unaunguza vibaya na unaweza kumzuia mtu kuona kwa siku kadhaa. Kwa hiyo kukata ni kazi ya watu wazima, macho yamefunikwa, upepo uko mgongoni, maji ya kunawa yako karibu. Mtoto asipewe panga la mnyaa, hata kama ni adhabu, hasa kama ni adhabu. Ukimwingia mtu, aoshwe jicho kwa maji mengi muda mrefu kisha apelekwe zahanati.

Kuna mliopendekeza mbono kaburi badala yake. Ni mti mzuri kwa mpaka wa shamba, lakini mbegu zake ni sumu na mtoto akiionja haimkatai mdomoni. Shuleni hapana. Mkonge unafaa kwenye kona, mbali na njia za watoto, kwa sababu ya ile miiba ya ncha. Na ndani ya wigo, upande ambao mbuzi hafiki, tungependa ipandwe michache ya kisamvu cha mpira. Inashika kwa kipande kama muhogo, inavumilia kiangazi, na majani yake, yakitwangwa na kuchemshwa sawasawa, ni mboga ambayo hata mwezi wa Septemba ipo.

Jambo la moto tutalipitia haraka kwa kuwa mnalijua: Septemba na Oktoba mashamba yanachomwa, na uzio wa fito ni kuni zilizopangwa. Ukanda wa mita 2 nje ya uzio ufyekwe na kufagiliwa kabla ya Septemba. Basi.

Mlango ni suala jingine kabisa. Nyuzio nyingi tulizoziona zimepigwa mlangoni. Mtoto anaingia na ndoo mikononi, mikono yote miwili imekaliwa, atafungaje? Anasukuma kwa kiuno anapita, anasema nitafunga nikitoka, anatoka kupitia pengo la karibu na darasa. Mwalimu anamchapa, kesho inakuwa vilevile. Lawama haimfai mtoto yule, kinachotakiwa ni mlango unaojifunga. Fundi anafunga kamba juu ya mlango, anaipitisha kwenye nguzo, anatundika jiwe upande wa pili. Ukisukuma jiwe linapanda, ukipita jiwe linashuka na mlango umefungwa. Gharama yake ni kamba na jiwe. Kamba ndiyo inayokatika, kwa hiyo mlinzi wa bustani awe na kamba ya akiba ndani ya nyumba. Tumekaa kwenye kikao saa nzima kujadili kamba hii, na hatujutii.

Sasa tufike kwenye kazi za watu. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka shule iwe na shamba, na wengi wetu hapa tumelima mashamba hayo. Tunakumbuka pia kwamba shamba la wote mara nyingi lilikuwa na magugu kuliko la mwalimu mkuu. Kwa hiyo hatupendekezi kwamba wanafunzi wautunze uzio. Hilo ni sawa na kusema hakuna atakayeutunza. Tunapendekeza ugawanywe kwa mita. Darasa la kwanza na la pili waachwe, ni wadogo. Darasa la tatu hadi la saba ni madarasa matano, mita 140 kwa matano ni mita 28 kwa kila darasa. Mwanzo na mwisho wa kila kipande kichimbiwe kigingi kilichopakwa rangi. Mbuzi akiingia, inaonekana ameingia kwa nani. Watoto wa kwetu wanapenda ushindani, na mita 28 mtoto anaweza kuzikagua kwa kutembea kabla ya gwaride la asubuhi, akavunja vijia vya mchwa, akafunga fito iliyolegea.

Lakini shule inafungwa. Mwezi wa Juni, wakati mbuzi wamefunguliwa tu, watoto wako likizo. Desemba, wakati vipande vya minyaa vinachimbiwa na magugu yanakimbia, watoto wako likizo tena. Mbuzi hawana likizo. Shule nyingi bustani imekufa ndani ya wiki hizi, na mwalimu akirudi anakuta uwanja. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya ombi letu ni malipo ya mtu mmoja wa kijijini kwa kila bustani, mtu anayeishi karibu na shule, awe mama au mzee asiyeweza tena kazi nzito ya shamba, atakayelipwa kidogo kwa mwezi mwaka mzima na zaidi kidogo miezi ya likizo. Atachaguliwa na kamati ya shule, atalipwa kupitia serikali ya kijiji mbele ya wazazi, na atakuwa na haki ya kuchuma mboga za nyumbani kwake. Hilo la mboga tulilibishania. Baadhi yetu waliona ni kufungua mlango wa wizi. Wengi tuliona kwamba mtu anayekula kutoka bustani hataruhusu mbuzi aingie.

Mtatuuliza, kwa nini tulipie mtu wakati tunaweza kununua waya imara tukamaliza? Waya ni mzuri, tumeufikiria, na kona nne tutaziwekea waya. Lakini waya nao hulegea, hushika kutu, na hukatwa na mtu mwenye shida ya waya. Zaidi ya hayo, kwetu kusini tumeshaona kinachotokea mali nzuri inapokuwa mbali na mwenyewe. Msimu wa 1973/74 nchi yetu ilivuna tani 145,000 za korosho, na sehemu kubwa ilitoka kwetu. Msimu wa 1986/87 haikufika tani 20,000. Bei ilichangia, ugonjwa wa ubwiri unga ulichangia. Lakini wazee waliohamishwa kwenda vijiji vya ujamaa wanaeleza vizuri kuliko kitabu: mkorosho ulibaki kule, mimi nikahamishiwa huku. Mti ulikuwa uleule na mwenyewe alikuwa yuleyule, kilichoongezeka kati yao ni masaa ya kutembea. Magugu yakapanda, moto ukapita, mwisho. Na sisi tulio Dar es Salaam, Mtwara, Dodoma na nje ya nchi, umbali wetu ni mkubwa kuliko wa wale wazee. Tunaweza kutuma waya. Hatuwezi kutuma jicho la Ijumaa. Hilo tunamwomba mtu aliye kule, na si haki kumwomba bure miaka yote wakati sisi tunasifiwa ukumbini.

Kwa hiyo kamati inaomba mgawanyo huu upitishwe leo. Katika kila shilingi 10,000 itakayopatikana, 4,000 ziende kwenye ujenzi: nguzo, fito, mlango, waya wa kona, zana. Shilingi 6,000 ziwekwe akaunti ya peke yake kwa matunzo ya miaka mitatu, zisiguswe kwa kazi nyingine hata ikitokea shule moja zaidi inaomba iingizwe. Tunajua itatokea, na tunajua itakuwa shule ya mtu mmoja wetu mwenye sauti. Ni afadhali bustani tatu zilizosimama mwaka wa tatu kuliko saba zilizopigwa picha mwaka wa kwanza. Baada ya miaka mitatu wigo utakuwa umefunga, kazi itakuwa ya kukata Novemba na kuziba mapengo, na hapo wazazi na kamati ya shule wataweza kuibeba wenyewe kwa siku moja ya msaragambo.

Mchango tumeuweka kwa mita ili kila familia ijue imeshika nini. Familia inaweza kuchukua mita 10, au 5, au 1. Wanafunzi wa vyuo wanaweza kuungana watano kwa mita moja. Majina hayatabandikwa kwenye uzio. Yataandikwa kwenye daftari litakalokaa shuleni, na kando ya kila jina mwalimu wa kilimo ataandika kila muhula hali ya kipande hicho: kimesimama, kimelegea, kimeliwa. Mkutano ujao tutawasomea daftari hilo kama lilivyo, pamoja na yaliyoliwa.

Fomu za ahadi ziko kwa mweka hazina pale mlangoni. Wenye minyaa ya zamani viwanjani mwao, Masasi au Newala, watuandikie jina la kijiji nyuma ya fomu, kwa sababu Novemba hii tutahitaji vipande, na minyaa yenu mirefu inahitaji kukatwa vilevile. Anayesafiri kwenda nyumbani kabla ya hapo atuone, kuna kamba za kupeleka.